Nisomee kavu

Mama kaacha kuchagua mchele. Hakutangaza, hakulalamika. Siku moja mwezi wa Shaaban nilirudi kutoka skuli nikamkuta uani kwenye kibao chake, ungo uko mapajani na mchele umeshamwagwa, lakini mikono imetulia. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula: "Mwanangu, ukingo wa ungo nauona, tena vizuri, hata pale ulipofumuka. Ila hapa katikati kama mtu kaweka kiganja."

Tulianza kwa kuzungushwa. Pahala pa mwanzo tulipompeleka walimtazama dakika mbili, wakasema ni uzee, wakampa dawa ya matone. Mama akaitia kila siku, asubuhi na jioni, miezi miwili kamili, na kiganja kikazidi kutanuka. Ikabidi tupande boti Mkoani, huku kwetu Pemba, tuvuke Unguja. Huko tukaonana na daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye subira, akanichorea kwenye karatasi. Nyuma ya jicho, akasema, pana utando laini unaopokea mwanga, kama ule ukuta mweupe unaotupiwa picha ya senema. Katikati ya utando huo pana kisehemu kidogo kama punje ya choroko, na hicho ndicho tunachosomea na kutambulia sura za watu. Kwa baadhi ya watu wazima kisehemu hicho huanza kufa. Iko aina ya maradhi haya inayokuja na vijishipa vinavyovuja, hiyo hupigwa sindano jichoni ikapunguza kasi. Ya mama ni ile kavu, inayokwenda taratibu.

Mama aliuliza swali moja tu: "Nitapofuka?" Daktari akamjibu kuwa giza totoro halitamfika. Pembeni ataendelea kuona, atatembea mwenyewe, atajua mlango uko wapi. Kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kujua nani kasimama mbele yake, hayo ndiyo yatakayomwondokea. Mama akaitikia kwa kichwa, akalifunga vizuri buibui lake, tukatoka.

Usiku ule tulilala kwa dada yangu Kikwajuni, na mie usingizi haukuja. Nikawa natafuta kwenye simu watu wengine waliopatwa na maradhi haya, wanaishi vipi. Jina lililotangulia lilikuwa jina ninalolijua tangu utoto. Judi Dench.

Nilimjua kwa binamu yangu hapa Wete, mwaka 1997, enzi za deki na kanda za kukodi. Ilikuwa filamu ya James Bond, GoldenEye, iliyotoka 1995. Wavulana walikuja kwa ajili ya magari na bastola. Mie nilichoondoka nacho ni yule bibi mfupi, nywele zimekatwa karibu na kichwa, mkubwa wa majasusi wote, anayemkalisha Bond ofisini kwake na kumwambia usoni kuwa yeye ni mtu wa zama zilizokwisha. Hakupandisha sauti hata kidogo. Watu kumi na zaidi tulikuwa kwenye jamvi, na chumba kizima kilinyamaza kama tuliokemewa sie. Mpaka leo, nikitaka darasa la watoto 50 linyamaze, nashusha sauti badala ya kuipandisha. Nilijifunza kwake.

Sasa basi, asubuhi yake pale Kikwajuni, mama kamaliza chai na boflo, nikamwambia: "Mama, yuko mwigizaji mkubwa Uingereza ana macho kama yako." Akauliza: "Na bado anaigiza?" Nikamwambia kaigiza miaka mingi hivyo hivyo. Akanyamaza. Kisha akasema: "Hebu nimsikie."

Hakusema nimwone. Alisema nimsikie.

Nilichokuwa nacho karibu ni kile kipande kilichozunguka sana kwenye simu za watu mwishoni mwa 2023. Judi Dench yumo kwenye kipindi cha mazungumzo cha Graham Norton kwenye televisheni ya Uingereza, watu wanacheka na kupiga soga, mara anaombwa asome kitu cha Shakespeare. Hana karatasi, na hata angekuwa nayo asingeiona. Anaanza tu. Ni shairi la 29 katika yale mashairi ya Shakespeare ya mistari 14, na ukumbi uliokuwa unacheka unakuwa kama watu waliokaa kusikiliza hotuba ya Ijumaa.

Mama Kiingereza hakijui zaidi ya salamu. Akaishika simu, akaiweka sikioni kama anayeongea na mtu, kichwa kakiinamisha. Ilipokwisha akasema: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu akainua kidole katikati, akakishusha, akasubiri mwisho. Kisha akaniambia: "Mtu huyu mwanzo kaonewa. Anahesabu alivyonyimwa: hiki sina, hiki sina, fulani anacho. Halafu pale nilipoinua kidole, kakumbuka mtu."

Nilisisimka mwili mzima. Nafundisha Kiswahili, lakini shairi lile nililisoma chuoni kwa Kiingereza na kulivunjavunja kwa ajili ya mtihani. Ndivyo lilivyo hasa. Msemaji kaachwa na bahati na watu, analia peke yake, anailaumu mbingu iliyo kiziwi, anamtamani huyu kwa kipaji chake na yule kwa marafiki zake. Ukifika mstari wa 10 anamkumbuka anayempenda, na hali yake inaruka kama ndege wa alfajiri anayeiacha ardhi yenye huzuni na kwenda kuimba kwenye malango ya mbingu. Nikamwuliza mama kajuaje.

"Pumzi, mwanangu. Hukumsikia alivyoivuta? Pumzi ile si ya kulalamika."

Inafaa niseme mama yangu ni nani, maana msomaji wa nje ya Wete hamjui. Miaka ya 70 na 80 alikuwa mwigizaji katika kikundi cha mtaani kwetu. Hawakuwa na ukumbi. Walicheza viwanja vya skuli, na mara nyingi juu ya lori lililoteremshwa ubao wa nyuma, taa za karabai zikining'inia pembeni. Mama sauti yake ni nzito na ina mkwaruzo, kwa hiyo wasichana wa kuposwa na kulia walipewa wengine. Yeye akawa mama mkwe, akawa kadhi mwenye kilemba, na safari moja akawa jini la baharini, ambalo wazee wa Wete bado wanamwitia mpaka leo. Aliacha alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Hakuwahi kusema kuwa kulimuuma kuliacha jukwaa, lakini redio ikicheza mchezo wa kuigiza, mama huzima jiko asikilize.

Nikakaa nikasoma habari za huyu mwenzake wa mbali, na kila nilipofika nilikuwa nasoma kwa sauti, maana mama ameshasema anataka kumjua.

Judi Dench kazaliwa mjini York, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 9 Disemba 1934. Baba yake alikuwa daktari, na waigizaji wa ukumbi wa michezo wa pale mjini walikuwa miongoni mwa aliowatibu. Mama yake, mzaliwa wa Dublin, alisaidia mavazi ya maigizo. Kwa hiyo mtoto kakulia nyumba ambayo harufu ya jukwaa imo mpaka kwenye kabati. Skuli aliyosoma ni ya madhehebu ya Quaker, Wakristo ambao ibada yao ni kukaa pamoja kimya, na madhehebu hayo ameyashika mpaka uzeeni. Mie naamini kimya kile ndicho ninachokisikia kati ya neno na neno anapoigiza.

York pana magofu ya nyumba kongwe ya watawa. Mwaka 1951 watu wa mji walianza upya kuigiza humo visa vya dini vya karne za kale, hewani wazi, ukuta uliobomoka ukiwa nyuma yao. Judi alikuwemo. Mwaka ule wa 1951 aliigiza malaika, na 1957 akawa Bibi Maryamu. Niliposoma hapo mama akanikatiza: "Kama Ngome Kongwe." Kweli kama Ngome Kongwe ya Unguja. Nilimpeleka mara moja huko, Tamasha la Nchi za Jahazi, lile la filamu, tukakaa kwenye ngazi za mawe, ukuta wa kale umetuzunguka na popo wanakata juu ya jukwaa, na mama hakuitazama filamu hata dakika tano. Alikuwa anautazama ukuta unavyorudisha sauti.

Kuigiza hakukuwa nia yake ya kwanza. Alitaka kuwa mbunifu wa mandhari ya jukwaa, akaanza kusomea sanaa palepale York. Kisha akaenda Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, kutazama mchezo wake wa King Lear, akaona jukwaa lilivyobuniwa kwa uchache na akili, na akajiambia kuwa kichwa chake kisingefika pale. Akaingia chuo cha uigizaji London. Septemba 1957, huko Liverpool, akapanda jukwaani mara ya kwanza kama mwigizaji wa kulipwa, na wakampa Ophelia kwenye Hamlet, mzigo mkubwa kwa mtu aliyetoka chuo juzi. Wahakiki wa magazeti hawakumhurumia. Na alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya filamu, mtu mmoja alimtazama, akamwambia uso wake hauna hata kitu kimoja kilichokaa sawa.

Hapo mama akauliza: "Akafanya nini?"

Akarudi jukwaani. Akakaa huko miaka zaidi ya 30 kabla ya filamu kumjua vya kutosha.

Sauti yake nayo ina mkwaruzo, kama ya mama. Inasimuliwa kuwa mwaka 1968, alipokuwa Sally Bowles katika mchezo wa nyimbo wa Cabaret jijini London, palibandikwa tangazo ukumbini kuwaarifu watazamaji kwamba Judi Dench si mgonjwa, ndivyo anavyosema. Nilimsomea mama hilo, akalishika tangazo lile moyoni. Wageni wakija anawasimulia, na kila akisimulia mkono wake unagusa koo lake mwenyewe.

Kisa anachokipenda zaidi ni cha 1960. Judi ni Juliet, kwenye ukumbi wa Old Vic, mwongozaji ni Mtaliano Franco Zeffirelli. Pana pahala Juliet anamwuliza yaya wake baba yangu na mama yangu wako wapi. Judi mwenyewe amekuwa akisimulia kuwa usiku mmoja wazazi wake walikuwemo ukumbini, na baba yake, yule daktari, kasahau kabisa kama ni mchezo, akajibu kutoka kwenye kiti chake: tupo hapa, kipenzi, safu ya H. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema marehemu baba yake naye, babu yetu, aliwahi kupanda juu ya lori kumzuia kadhi wa kuigiza asimtaliki binti yake.

Mwaka 1963 Judi Dench alikuja Afrika. Kundi la Nottingham Playhouse lilizunguka Nigeria, Ghana na Sierra Leone likiwa na Macbeth na Twelfth Night, yeye akiwa Lady Macbeth katika ule wa kwanza na Viola katika wa pili. Nchi hizo zote tatu uhuru ulikuwa bado mbichi, wa Ghana miaka 6, wa Sierra Leone miaka 2. Sie huku tulipata wetu Disemba ya mwaka huohuo, na Januari yakaja Mapinduzi. Mwaka huohuo pia Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, Shakespeare kwa Kiswahili, na miaka 6 baadaye Mabepari wa Venisi. Nafikiria hilo mara nyingi. Mwanamke wa York anamsema Shakespeare kwa Waafrika wa magharibi, na rais wa Tanganyika anakaa usiku anamgeuza Kiswahili, hawajuani, mwaka mmoja.

Huyo Lady Macbeth alimrudia. Mwaka 1976, Stratford, Trevor Nunn akiongoza, Ian McKellen akiwa Macbeth. Hawakucheza ukumbi mkubwa. Walicheza kwenye The Other Place, na The Other Place ya wakati ule ilikuwa banda la bati. Mama alinirudisha nyuma: "La bati kweli?" La bati kweli. Watazamaji wachache wamezunguka, waigizaji wamo ndani ya duara lililochorwa sakafuni, hakuna mapumziko katikati. Baadaye mchezo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni, na rekodi hiyo ninayo.

Tuliisikiliza tumesharudi Wete, usiku, umeme ulikuwa umekatika na simu ina asilimia 40. Nilimweleza mama anavyoonekana: gauni jeusi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi kwa kubana, hakuna kito hata kimoja. "Kama aliyefiwa," mama akasema. Nikamwambia yeye ndiye aliyefisha. Tukafika pale Lady Macbeth anapotembea usingizini, anasugua mikono, anainusa, damu haimtoki. Judi Dench hapo anatoa mlio. Haupigi, unamtoka. Unaanza chini, mwembamba, unapanda, unaendelea baada ya pale ambapo mtu wa kawaida angekuwa ameishiwa pumzi, na haumaliziki kwa kishindo, unakatika tu kama uzi.

Mama aliushika mkono wangu. "Kafanya nini mwanamke huyu?"

"Yeye na mumewe wamemuua mfalme."

"Vitani?"

"Nyumbani kwao. Alikuja kulala."

"Mgeni?" Mama akaliachia neno lile likae. "Kala chakula chao, wamemtandikia, halafu wakamuua mgeni?" Akaushusha mkono wangu taratibu. "Basi ndiyo sauti yake hiyo. Hakuna nyingine."

Nimefundisha tamthilia miaka 17. Nimewahi kuwapa wanafunzi insha za kurasa nne juu ya tamaa ya madaraka katika mchezo ule. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kinachomtesa mwanamke yule ni mgeni aliyelazwa ndani.

Yapo mengi ambayo nitayapita mbio. Mwaka 1981 alikuwa katika mazoezi ya mchezo wa nyimbo wa Cats akakatika mshipa wa kisigino, nafasi yake ikaenda kwa Elaine Paige. Mwaka 1987 akawa Cleopatra, Anthony Hopkins akiwa Antony. Mwaka 1988 akapewa cheo cha heshima cha Dame. Vichekesho vya televisheni alivyocheza na mumewe viliwaingia watu majumbani, na James Bond akamletea watu kama sie wa jamvini.

Kuhusu mumewe sitapita mbio. Michael Williams naye alikuwa mwigizaji. Walioana 1971, wakapata binti mmoja, na kwa kuwa wote wawili walikula kwa kazi za Shakespeare, nyumbani kwao walimwita Shakespeare yule bwana anayetulipia kodi ya nyumba. Michael alifariki Januari 2001 kwa saratani ya mapafu. Judi mwaka uleule alikuwa kazini, filamu juu ya filamu, moja ikimpeleka mpaka baridi ya Newfoundland, Kanada. Nilisita kumsomea mama hapa. Baba alipofariki mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, hakutoka mlangoni, na sie tulimzunguka. Nilidhani atamwona mwenzake hana huzuni. Mama akafikiri, kisha akasema: "Mie nilikuwa na nyinyi. Yeye alikuwa na maneno ya kushika." Na aliposikia kuwa Judi ana bustani yenye miti aliyoipanda, kila mmoja kwa ajili ya rafiki au ndugu aliyemtangulia, akataka kujua ni miti gani, na kama inazaa.

Sinema, baada ya kumkataa uso, ilimrudia akiwa na zaidi ya miaka 60. Mwaka 1997 aliigiza Malkia Victoria katika Mrs Brown, akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa mara ya kwanza. Oscar yenyewe ikaja 1999, kwa kuigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love, na humo anaonekana kwa dakika chache tu. Alipoipokea alisema kwa dakika 8 alistahili kipande kidogo tu cha ile sanamu. Mie nimezitazama dakika hizo nikiwa na saa mkononi. Anaingia, anasema, anaondoka, na waliobaki wote wanaigiza mbele ya kiti alichokuwa amekaa. Kapendekezwa kwa Oscar mara 8 mpaka sasa, ya mwisho kwa Belfast, iliyotoka 2021. Na jukwaani hakuna mwigizaji aliyempita kwa tuzo za Olivier. Ya nane aliipata 2016 kwa Paulina katika The Winter's Tale, macho yakiwa yameshadhoofika.

Victoria alimrudia tena 2017, katika Victoria & Abdul, malkia mzee anayefundishwa Kiurdu na Munshi Abdul Karim kutoka India. Hii mama aliisikiliza kwa uso mgumu. Kwetu sie Victoria si filamu. Ni wakati wake, 1890, Unguja na Pemba zilipowekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na ni manowari zake zilizoipiga kasri ya Unguja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Bustani ya Vuga ilipewa jina lake. Lakini kuna pahala malkia anajisema mwenyewe, kila aibu ya mwili wake na tabia yake anaitaja mbele ya wanaomwita mwendawazimu, na mama aliyekuwa ameukunja uso akaukunjua. "Malkia simsamehi," akasema. "Huyu mwanamke anayemsema, huyu namsikiliza."

Mwaka 2012 Judi Dench aliwaambia watu wazi kuwa macho yanamwondoka. Hakusoma tena mchezo kwenye karatasi. Akawa anasomewa na rafiki au ndugu, mstari kwa mstari, mara kwa mara, mpaka uingie. Magazeti ya kwao yaliandika hilo kama ajabu. Nikawa najiuliza, ajabu iko wapi? Nimekulia kisiwa ambacho watoto wa miaka tisa wanakaa chuoni na kuhifadhi juzuu kwa sikio kabla hawajajua kuandika majina yao vizuri. Bibi zetu walisema tenzi za beti mia na zaidi na kalamu hawakuishika. Tulichosahau ni kwamba njia ile bado iko wazi kwa mtu mzima.

Mie ndiye niliyeisahau zaidi ya wote. Wanafunzi wangu mwaka huu wana mchezo, wameutunga wenyewe, na ndani yake yumo bibi mwenye shamba la karafuu anayegombaniwa na wajukuu. Msichana aliyepewa nafasi hiyo alikuwa anakunja mgongo na kutetemesha sauti, kama watoto wote wanavyodhani ndio uzee. Siku tatu nilitafuta wa kumbadilisha, na jioni narudi nyumbani naketi na mwigizaji. Mama ndiye aliyeniuliza: "Huyo bibi yenu kashapatikana?"

Ana kauli 46. Tunaanza baada ya sala ya Alasiri, uani, mie na makaratasi, yeye na sahani ya bati yenye kokwa za tende, 46, kazihesabu mwenyewe kwa vidole. Nilipoanza siku ya kwanza nilisoma kwa mbwembwe zote, nikipandisha na kushusha, nikitaka kumwonyesha nimeuelewa mchezo. Akanisimamisha kauli ya pili.

"Usiniigizie. Nisomee kavu. Ukiniigizia nitashika sauti yako, na sauti mie nnayo yangu."

Kwa hiyo nasoma kavu. Nasoma kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mama hasemi nami. Anasikiliza, midomo imefumba, mara mbili, mara tatu, uso kaugeuza kidogo pembeni kwa sababu pembeni ndipo anaponiona. Kisha anaisema, mara moja, na haiwi tena kauli yangu wala ya watoto waliotunga. Bibi mwenye shamba anaingia uani kwetu, kachoka, ana hasira ya zamani, hajakunja mgongo hata kidogo. Ikimridhisha, anahamisha kokwa moja kutoka kushoto kwenda kulia. Isipomridhisha, anaiacha pale pale na kuniambia: "Tena."

Jana zimehama 29. Ya 30 ni ndefu, na ndani yake pana jina la mjukuu ambalo mama halipendi, anasema halina pa kuvutia pumzi. Anataka watoto walibadilishe. Nimemwambia nitawauliza Jumatatu.